Mrashi wa Bibi Haukuibwa

Dunda, Bagamoyo,
Jumamosi, 14 Februari 1953

Mpendwa kaka yangu Mwinyijuma,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi cha vumbi la Tabora ulichotuandikia kimekwisha kukuacha. Je, blanketi alilokupelekea Mama lilifika? Na kazi ya stesheni, bado wanakupa zamu ya alfajiri, au wamekuonea huruma?

Sisi hapa hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Ami Mwinyimvua hajambo, ila macho yake sasa hayasomi kabisa. Sikuzani mdogo wetu ameota meno mawili ya mbele, anacheka hovyo ili yaonekane. Mvua za vuli zilikuwa haba, lakini mihogo ya Kaole imestahimili.

Mama anakuomba doti moja ya kanga ukipata nafasi. Asiyekuwa na nafasi hadaiwi, amesema.

Kaka, Mama anajua nakuandikia mpaka hapo tu. Yaliyobaki ni yangu. Naomba uyasome ukiwa peke yako, na uyamalize leo hii hii, usiiweke barua mfukoni ukangoja siku ya mapumziko.

Mrashi wa bibi haukuibwa. Upo. Nimeuona Jumanne kwa macho yangu. Wifi Dija mkeo hakuuchukua. Aliyeuweka ulipokuwa ni mimi.

Nimeliandika hilo upesi nisije nikashindwa. Sasa nitaeleza polepole, na utaniwia radhi, kwa kuwa mambo haya sijapata kumwambia mtu, na sijui yanaanzia wapi.

Nianze na kichwa changu. Ulipoondoka nilikuwa mdogo, ukanijua kuwa ni mtoto wa kimya tu. Nyumba hii yote naijua kwa mahali. Kidaka cha ukutani cha kwanza kutoka mlangoni, taa na kiberiti. Cha pili, msahafu wa marehemu Baba. Cha tatu, mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi aliotuachia bibi, shingo yake imeelekea dirishani. Upawa unaning'inia kwenye msumari wa kushoto. Kata iko juu ya mtungi, imefudikizwa. Sikujifunza haya. Nayajua kama unavyojua mdomo wako ulipo ukiwa gizani. Kitu kikisogezwa shibiri moja, nikiingia chumbani nahisi kama mtu ameniita jina.

Ndiyo maana watu huniuliza mimi. Bi Tabia jirani husema nyumba yetu haina haja ya kufuli, ina Mwanahija. Vyombo vya kuazimana vikichanganyika baada ya shughuli, wenyewe hawavijui, mimi ndiye ninayevitenga: hii ya Bi Tabia, ina ufa mwembamba kama unywele, hii yetu, imepauka ukingoni. Kaka, sina jambo jingine ambalo watu hunisifu. Sijui kuzungumza na wageni, sijui kucheka panapochekwa. Nilikuwa na hilo moja.

Lakini lina upande wa pili, na upande huo nimeuficha. Kitu kikitoka mahali pake kikawekwa pengine, kwangu mimi hakipo tena duniani. Naweza kuwa nakitazama nisikione. Mwaka jana nilitafuta mbuzi ya kukunia nazi nusu ya asubuhi, nikapekua uani na jikoni, kumbe nimeikalia. Sikuzani alikuwa ameikunja akaifanya kigoda chake. Walicheka mpaka Mama akashika mbavu, nami nikacheka ili nifanane nao. Ila niliogopa sana siku ile.

Na maneno ni hivyo hivyo. Mtu akiniagiza jambo moja, nalifanya vizuri. Akiniagiza matano kwa pumzi moja, nashika la kwanza na la mwisho. Ya katikati yanapita kama watu wanaopita barabarani nyuma ya ukuta, nasikia nyayo tu. Mikono yangu huweza kuyatenda, ni mitiifu kuliko mimi, lakini yakishatendwa mimi sibaki nayo. Mama huona nimeitika labeka, huona mikono inakwenda, hudhani nimeelewa. Nikikosea huniambia masikio yangu ni ya kuvalia vipuli tu.

Shuleni haikuwa hivi. Mwalimu Natalia alikuwa akiandika ubaoni mstari kwa mstari, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule. Neno lililoandikwa halikimbii. Unaweza kulirudia mara kumi na lisichoke nawe. Nilikuwa wa kwanza darasa la sita kwa lugha zote mbili, na wenzangu walidhani nina akili nyingi. Tangu nimewekwa ndani kama mwali, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, sina ubao. Kuna midomo tu tangu kunapopambazuka, na kila mdomo una agizo lake. Dirisha la chumba changu ni lile la chini lenye nondo. Kutoka hapo naona miguu ya wapita njia mpaka magotini. Nawajua watu wa mtaa huu kwa viatu.

Mtu mmoja tu aliyenigundua ni mkeo. Hakuniuliza neno. Siku moja alitaka nipike mchuzi wa papa, na badala ya kunieleza akapanga vitu mkekani kwa mstari: kitunguu, bizari, ndimu, kifuu cha tui, chumvi mwisho. Akaenda zake kufua. Nilipofika kwenye chumvi mchuzi ulikuwa tayari. Alipoonja akaniambia, "Wifi, wewe si mzito. Wewe wataka njia iwe wazi." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Tangu siku ile alikuwa akinipangia kila kitu, na Mama akawa anashangaa jinsi nilivyobadilika.

Sasa nakueleza kisa chenyewe.

Yale maulidi tuliyosomesha nyumbani mfungo sita yalikuwa siku ya Alhamisi. Kesho yake ilikuwa siku ya kuosha na kurudisha vyombo. Mama alisimama mlango wa jikoni, huku watu wanamwita kule na huku kuna chungu motoni, akanipa maagizo yake. La kwanza lilikuwa nikaushe mrashi. La mwisho lilikuwa niliwahi tui lisimwagike. Ya katikati sikuyashika. Nakumbuka nilizunguka, nilibeba, nilipanda na kushuka. Tui likamwagika vilevile. Mama akanikaripia mbele ya Bi Tabia, na baada ya hapo kichwa changu kikawa cheupe. Mrashi kwangu ulibaki kidaka cha tatu, ulikokuwa tangu nilipoanza kuona.

Jumapili adhuhuri Bi Tabia akaja kuuazima kwa harusi ya mjukuu wake. Tukaingia chumbani, kidaka kitupu. Kaka, nilihisi kama unavyohisi ulimi ukigusa pengo la jino. Mama aliniuliza ulikuwa wapi. Nikasema, hapa. Akaniuliza ni nani aliyeingia chumba hiki. Nikasema Wifi Dija, Ijumaa jioni, mara mbili, na mara ya pili alitoka na furushi.

Yote ni kweli. Furushi lilikuwa la nguo zake, kwa sababu Jumamosi alikwenda Fukayosi kumtazama mama yake mgonjwa, akalala siku moja. Lakini hakuna aliyeniuliza furushi lilikuwa na nini, na mimi sikujua kuwa mtu anaweza kujibu asiloulizwa. Bi Tabia akasema, "Mwanahija hakosei." Likaishia hapo. Walitafuta kwenye kasha la Wifi tu. Mahali pengine hawakutafuta, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwisha kusema haupo.

Wifi aliporudi mchana ule hata maji hakupewa. Mama alipomwambia kuwa itasomwa Halbadiri, na mwizi yatamfika yatakayomfika, Wifi aliketi akajibu kwa utaratibu, "Isomwe, mama. Mimi nipo." Mama akaona ni ujeuri. Ami ndiye aliyezuia, akasema jambo la mke na mume aandikiwe mume kwanza.

Na barua ile, kaka, nani mwingine wa kuiandika? Mama alisema, nikaandika. Mkeo ameingia chumbani kwa bibi yako. Mkeo ametoka na furushi. Mkeo amepeleka fedha yetu kwao Fukayosi. Mama alikuwa akilia huku anasema, nami nilikuwa naangalia herufi zikae sawa juu ya mstari. Mwandiko ule uliokufikia ni huu huu unaousoma sasa.

Jibu lako lilifika na basi tarehe tano Januari. Lilikuja kwa Ami, na Ami akanipa nisome. Wifi alikuwa amekaa pale pale barazani kwa ndani, anapepeta mchele. Mimi huweza kulisoma neno kabla sijalielewa. Nikasoma vizuri, kwa sauti ya kusimama mbele ya darasa, mpaka nikafika uliposema unampa talaka moja, nikaisoma nayo vilevile. Nilipoinua macho, Wifi alikuwa bado anapepeta. Ungo ulikuwa mtupu. Mchele wote ulikuwa chini.

Ami alisema sheria ni akae eda hapa nyumbani kwa mumewe. Kaka yake akaja na baiskeli kutoka Fukayosi akasema hamwachi dada yake kwenye nyumba inayomwita mwizi. Akampakia na kasha lake. Wifi alikuja kuniaga dirishani kwa ndani. Nilingoja anitukane, ningestahimili. Akaniambia tu, "Ulisema ulichokiona, wifi." Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinihukumu.

Jumanne hii iliyopita Mama aliniagiza nishushe tenga la vikombe vya maulidi kutoka darini, kwa khitma ya Baba. Nikapanda. Tenga lilikuwa limefunikwa kile kitambaa cha kijani. Nilipokifunua, mrashi ulikuwa umelala juu ya vikombe.

Nilikaa pale darini nao mapajani. Kwanza haukuwa mrashi, ulikuwa kitu cha fedha tu. Kisha mikono yangu ikaukumbuka uzito wake, ikakumbuka na ngazi, na namna nilivyokishindilia kitambaa pembeni. Mimi ndiye niliyeupandisha. Nilikumbuka kwa mikono, kaka. Kichwani hakukuwa na kitu.

Ningeshuka na kusema saa ile ile. Badala yake nikauficha chini ya jamvi huko juu, nikashusha vikombe. Lile la kwanza lilikuwa la kichwa changu, na Mungu ndiye aliyenipa kichwa hiki. La Jumanne ni langu mwenyewe. Siku nne nimekula, nimeswali, nimejibu kila nilipoitwa, na mrashi upo juu yangu nikiwa nimelala.

Nakwambia na sababu, si kwa kujitetea. Kuna watu wa Mkange wamekuja mara mbili kuniposa. Nyumba yao ni kubwa, wana wanne wameoa wote wanakaa ua mmoja. Mama anaona nimepata bahati. Mimi nawaza wanawake watano, kila mmoja na agizo lake, na vyombo vinavyohama kama kuku. Walichoambiwa juu yangu ni kimoja, kwamba mtoto huyu hapotezi kitu. Nikisema kweli, hata hicho sina. Ningeonekana nilivyo. Na nikinyamaza napelekwa Mkange na uongo wangu. Nimegeuza kila upande, kila upande una ukuta.

Lakini yangu yanaweza kungoja, ya Wifi hayangoji. Naona haya kumwandikia kaka yangu jambo hili, ila sina mwingine. Bi Tabia alikwenda Fukayosi juzi, amemwambia Mama kuwa Wifi ameoga tohara ya pili. Imebaki moja, eda iishe. Ikishapita, itabidi posa mpya na mahari mapya, na kaka yake amekwisha kuapa hatampa mtu wa nyumba hii hata kuku. Leo hii linatosha neno lako moja mbele ya mashahidi wawili, kwamba umemrejea. Ami ameniambia hivyo nilipomwuliza kwa kuzungusha, akadhani nauliza mambo ya chuoni.

Nilikuwa nimefika hapo nikaacha kalamu. Sasa naendelea, alasiri imekwisha swaliwa.

Mama aliingia akifuta mikono, akaketi kitandani, akasema, "Soma tusikie." Unajua desturi yetu, barua haifungwi mpaka isomwe. Mimi niliisahau desturi hiyo, au niliikumbuka tangu mwanzo, sijui. Nilifikiri nisome ya kikohozi na kanga, kisha ninyamaze. Lakini Mama aliziona karatasi mkononi mwangu jinsi zilivyo nyingi, na mimi sijui kusoma kisichoandikwa. Nikasoma. Nilisoma yote, hata yaliyomhusu yeye. Nilipofika penye vipuli aliguna kidogo. Sikuinua macho.

Nilipomaliza nilingoja kofi. Halikuja. Akaniuliza, "Uko wapi?" Nikapanda darini nikauleta. Aliushika, akaugeuzageuza, akaupangusa kwa upindo wa kanga ingawa haukuwa na vumbi. Uani Sikuzani alikuwa akijihesabia hatua za mchezo wake.

Kisha akasema, "Chokaa ya kidaka ilikuwa inadondoka. Nikakwambia usiurudishe pale. Nikakwambia uutie tengani, uufunike, ulipandishe juu. Mwanahija, uliyafanya yote."

Nikamwambia sikuyasikia.

"Mimi niliyasema," akasema Mama, "na mimi nikayasahau. Nikamwita mtoto wa watu mwizi."

Sikujua la kufanya. Baadaye aliniambia niandike, na safari hii alisema neno, akangoja kalamu isimame, ndipo akasema la pili. Haya ni yake:

"Mwanangu Mwinyijuma. Mkeo hakuiba. Aliyesahau ni mama yako, na nilikuandikia kwa hasira. Radhi yangu unayo, ukimrejea au usipomrejea, lakini mimi nakuomba umrejee. Usinijibu mimi kwanza. Peleka simu ya maandishi kwa Ami yako, kabla siku zake hazijaisha."

Ni hayo tu. Keshokutwa Jumatatu, goti likimruhusu, Mama na Ami watakwenda Fukayosi kumwomba Wifi radhi. Mama hajui kama watakaribishwa ndani. Amesema wasipokaribishwa atakaa nje mpaka jua lizame, na watu wa Fukayosi wamwone.

Niliomba nifuatane nao. Mama amekataa. Mwali hatoki, amesema, hata kwa hili. Nilidhani nikishasema kweli mlango utafunguka kidogo. Kaka, haukufunguka. Nimerudi kwenye dirisha langu na miguu ya watu. Juu ya watu wa Mkange Mama hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza vitu viwili siku moja. Ukipata nafasi katika jibu lako, niulizie wewe.

Barua hii Ami ataipeleka mwenyewe kwenye basi la Dar es Salaam kesho asubuhi. Nimehesabu: ikipata garimoshi la Jumanne utakuwa nayo Alhamisi. Ikilikosa, sijui.

Ami Mwinyimvua anakusalimu sana. Sikuzani anasalimu, na anauliza kama simba wa Tabora wanapanda garimoshi. Bi Tabia anakusalimu. Haya bado hayajui, Mama amesema atamwambia yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyesikia neno langu la kwanza. Mama anakuombea usiku na mchana.

Wifi Dija hakutuma salamu. Katika barua zote nilizokuandikia tangu umwoe, jina lake hukaa hapa, chini ya jina la Mama. Leo nimepaacha wazi mstari mzima, kama utakavyoona. Nilijaribu kuandika jina la mtu mwingine, mkono haukukubali.

 

Mungu akulinde katika reli zako, akupe pumzi safi na moyo mwepesi wa kusema neno moja kwa wakati wake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekungoja ndani,

Mwanahija